Sheria ya Kuishi, na Mambo Matatu ya Kufia

Mtoto katumbukia baharini, na siku ni Jumamosi. Kwa Wayahudi wanaoishika dini yao, Jumamosi ni Sabato, siku ya kujizuia na kazi: haiwashwi taa, haupikwi wali, haiendeshwi gari, wala hautupwi wavu, maana kunasa kiumbe ni miongoni mwa kazi 39 zilizokatazwa siku hiyo. Mtu aliyesimama ufukweni anamwona mtoto akichukuliwa na maji. Wavu uko karibu naye. Afanye nini?

Suala hili limo ndani ya Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi uliokamilishwa Babeli, Iraki ya leo, kiasi cha miaka 1,400 au 1,500 iliyopita. Jibu lake halina kigugumizi. Autupe wavu amvute mtoto, na kadiri anavyofanya haraka ndivyo anavyostahiki sifa. Asipoteze muda kwenda kuwauliza wanavyuoni. Hata kama anajua fika kwamba samaki nao watanaswa, hana lawama.

Kwa watu wa Kiwengwa, Unguja, mfano huo hauhitaji kuelezwa mara mbili, kwani ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kabla hakijawa kijiji cha mahoteli. Na katika miaka ya karibuni, kati ya Wataliani na wageni wengine waliozoeleka katika pwani hii ya mashariki ya Unguja, wamo pia watalii kutoka Israel. Wengi wao Jumamosi huogelea kama siku nyingine yoyote. Lakini hutokea ikaja familia inayoshika dini, na mhudumu wa hoteli asiyewahi kukutana na watu wa aina hiyo hubaki ameshangaa. Wamekuja na sufuria zao. Changu wanakula, jodari wanakula, kwa sababu wana mapezi na magamba. Pweza, ngisi na kamba hawawagusi. Ijumaa kabla ya magharibi wanaacha taa ya chooni inawaka na kuomba isizimwe na mtu hadi kesho usiku. Na kama mlango wa chumba unafunguliwa kwa kadi ya umeme, hapo pana kazi, kwa sababu kadi hiyo siku ya Sabato hawaigusi.

Anayewatazama kwa mbali hudhani hawa ni watu ambao wangekubali kufa kuliko kuivunja Jumamosi yao. Sheria yao yenyewe inasema kinyume chake. Mgonjwa akizidiwa, simu hupigwa, gari huwashwa, na anayesitasita ndiye mwenye kosa. Tena si Sabato tu. Mtu akitishiwa kuuawa asipokula nguruwe, ale. Akitishiwa asipofungua mfungo, afungue. Msingi wake ni maneno ya kitabu cha Walawi, sura ya 18, yanayosema amri zimetolewa ili mtu azifuate apate kuishi. Marabi wakayasoma kuwa amri ni za kuishi kwazo, si za kufa kwazo.

Msomaji Mwislamu wa Zanzibar hapa yuko nyumbani. Aya ya 173 ya Suratul Baqara inamwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura akala kilichoharamishwa, na aya ya 106 ya Suratun Nahl inamtoa katika lawama aliyelazimishwa kutamka kufuru huku moyo wake umetulia katika imani. Wafasiri huihusisha aya hiyo na Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka akatamka waliyoyataka watesi wake. Mama yake, Sumayya, hakutamka. Akauawa, na anahesabiwa shahidi wa kwanza wa Uislamu. Mama na mwana, njia mbili, na hakuna aliyelaumiwa.

Basi kama kanuni ni kuishi, ni lini Myahudi hutakiwa afe?

Jibu lilitoka ghorofani, katika nyumba ya mtu aliyeitwa Nitza, mjini Lod, si mbali na uwanja wa ndege wa Tel Aviv wa leo. Kwa kawaida wanahistoria huuweka mkutano huo katika zama za mateso ya Kirumi ya karne ya 2, wakati Kaisari Hadrian alipoyazima maasi ya Bar Kokhba ya mwaka 132 hadi 135 na kuipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Kufundisha Torati lilikuwa kosa la kuuawa. Rabi Akiva, mwanachuoni mkubwa wa kizazi hicho, alikufa mikononi mwa Warumi. Watu walikuwa wanakwisha. Wapo waliotaka kufia kila amri, na kama wangeachiwa, pengine pasingebaki wa kuzishika. Marabi wakapiga kura. Dhambi zote mtu atende asiuawe, isipokuwa tatu: kuabudu masanamu, zinaa na mke wa mtu au maharimu, na kumwaga damu. Kwa hizo tatu afe asitende.

Kura! Mtu aliyezoea kufikiri kwamba mambo ya kufa na kupona huteremka kutoka juu tu, anaweza kushtuka kusikia kwamba mpaka wa ushahidi wa Kiyahudi uliamuliwa kwa kuhesabu mikono ya watu waliojificha juu ya nyumba. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mpaka ule haujahama hadi leo.

Kati ya tatu hizo, kuua ndiko kulikoelezwa kwa namna ya pekee. Ibada ya masanamu na zinaa marabi walizitafutia aya. Kuua walikueleza kwa akili tu. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimjia Rava, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya 4, akiwa na shida nzito. Mkuu wa mji wake alikuwa amemwamuru amuue fulani, la sivyo atauawa yeye. Rava akamjibu auawe, asiue, kisha akamuuliza kitu kilichomfunga mdomo: umejuaje kwamba damu yako ni nyekundu kuliko ya mwenzako? Katika dhambi nyingine zote, tunavunja amri ili kuokoa roho. Hapa roho inapotea vyovyote iwavyo, na kilichobaki ni nani aichague ya nani ipotee. Mafakihi wa Kiislamu walifika mahali hapohapo kwa njia yao: kulazimishwa hakumhalalishii mtu kumuua asiye na hatia.

Kisha yako masharti, na masharti ndiyo yanayoigeuza kanuni hii kutoka mstari mmoja kuwa sheria. La kwanza ni hadhara. Mtu akilazimishwa mbele ya Wayahudi kumi, si jambo lake peke yake tena. Hapo hata dhambi ndogo aikatae. La pili ni zama za mateso, pale utawala unapokusudia kuing'oa dini yenyewe. Hapo Talmudi inasema mtu afe hata kwa ajili ya ukanda wa kiatu. Wafafanuzi wanaeleza kwamba Wayahudi walikuwa na namna yao ya kufunga viatu, au rangi yao ya kanda, na mtesi akiwalazimisha kuibadili anawalazimisha kufutika.

La tatu ni nia ya mlazimishaji, nalo lina mfano mzuri kuliko yote. Adui anamwamuru Myahudi siku ya Sabato akate majani awatupie ng'ombe, la sivyo atamuua. Akate, anasema Rava. Amwamuru akate majani ayatupe mtoni? Asikate. Majani ni yaleyale, panga ni lilelile, siku ni ileile. Ila wa kwanza anataka chakula cha mifugo yake, na dini ya mtu haimhusu. Wa pili hana haja na majani. Anachotaka ni kumwona Myahudi akiivunja Sabato. Kwa mantiki hiyohiyo Rava alimtetea Malkia Esta, aliyechukuliwa kwa nguvu na mfalme wa Uajemi: mfalme alitaka mke, hakutaka kuibomoa Torati. Abaye, mwenzake, alimtetea kwa sababu nyingine, kwamba Esta alitendwa, hakutenda.

Mfano wa ukanda wa kiatu una ndugu yake hapa kwetu Afrika Mashariki, na ndugu huyo ni Mwislamu. Kabaka Mutesa wa kwanza wa Buganda aliupokea Uislamu kwa mkono wa wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja. Alifunga Ramadhani na kuswali, lakini hakutahiriwa. Vijana wa jumba lake waliosoma dini kwa undani wakakataa kuswali nyuma yake, na wakakataa nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Mwaka 1876 aliwaua kwa moto, kiasi cha 70, huko Namugongo, miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo ambao mahali hapo panajulikana zaidi kwa ajili yao. Kwa dharura peke yake wangeweza kula ile nyama. Wao waliona kinachoulizwa si nyama.

Aliyeiweka sheria hii katika maneno makavu na wazi ni Musa bin Maimun, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138. Alikuwa bado mtoto Muwahidun, watawala wa Kiislamu, walipouteka mji na kuwataka wasio Waislamu wasilimu au waondoke. Familia ikatangatanga, ikafika Fez, ambako Wayahudi wengi walikuwa wakitamka shahada mchana na kuswali Kiyahudi usiku. Mwanachuoni mmoja wa mbali akawahukumu: ni makafiri, na sala zao ni bure. Bin Maimun alimjibu kwa waraka wenye hasira. Watawala hawa, alisema, hawawadai vitendo, wanawadai maneno tu, na wanajua kwamba wanaoyasema hawayaamini. Aliyekufa asitamke ana ujira mkubwa. Lakini anayeuliza, aambiwe atamke, kisha ahame, aende mahali atakapoweza kuishi kwa dini yake bila kujificha. Yeye mwenyewe alihama. Alimalizia maisha yake Misri.

Baadaye, katika kitabu chake cha sheria, aliongeza jambo ambalo wacha Mungu wengi hawalipendi: mtu ambaye sheria inamruhusu kuishi, naye akang'ang'ania kufa, damu yake iko juu yake mwenyewe. Na akasema pia kwamba aliyetakiwa afe akaogopa akatenda amelinajisi jina la Mungu, lakini mahakama haimwadhibu, kwa sababu alilazimishwa.

Si wote waliomfuata. Wayahudi wa bonde la mto Rhine, Ujerumani, walipozingirwa na makundi ya Vita vya Msalaba mwaka 1096, waliwachinja watoto wao na kujiua wenyewe katika miji ya Worms na Mainz kuliko kubatizwa, na marabi wa huko wakawaenzi vizazi kwa vizazi, ingawa waliona shida kubwa kuyatafutia matendo hayo msingi wa kisheria. Mwandishi yeyote angesita kuhukumu. Itoshe kusema kwamba kanuni ya Lod ilikusudiwa kuwabakiza watu hai, na Mainz hawakubaki.

Afrika Mashariki ina historia yake ya jambo hili, na inaanzia milima ya Semien, kaskazini mwa Ethiopia. Wayahudi wa huko, Beta Israel, walikuwa na Torati kwa lugha ya Kigeezi, lakini Talmudi hawakuwahi kuiona. Habari za Lod hawakuzisikia. Mwishoni mwa karne ya 16, mfalme Sarsa Dengel alipovishambulia vilele walivyokimbilia, mwandishi wake wa tarehe, Mkristo asiyekuwa na sababu ya kuwasifu, aliandika habari ya mwanamke aliyetekwa, mkono wake umefungwa kwenye mkono wa aliyemteka. Walipofika kwenye ukingo wa genge alimwita Mungu wake, akajitupa, akamvuta na askari. Wanawake wengine wakafanya kama yeye. Katika karne iliyofuata mfalme Susenyos aliwavunja kabisa, akawataka wabatizwe, na kushika Jumamosi kukapigwa marufuku. Wengi waliuawa, wengi walibatizwa, na waliobaki waliirudia dini yao pepo zilipobadilika.

Msomi wa Misri wa karne hiyo ya 16, Rabi David bin Zimra, aliulizwa kuhusu mwanamke wa Kiyahudi wa Ethiopia aliyetekwa vitani na kuuzwa. Akaamua kwamba watu wale ni Wayahudi kweli, na kwamba yale wasiyoyajua hawakuyakana, bali hawakufundishwa. Fatwa hiyo haikufa. Mwaka 1973 Ovadia Yosef, rabi mkuu wa Wayahudi wa asili ya mashariki nchini Israel, aliitegemea kuwatambua Beta Israel, na serikali ikafuata mwaka 1975. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985, kiasi cha watu 8,000 walisafirishwa kwa siri kutoka kambi za Sudan, ambako walikuwa wameuficha Uyahudi wao ili waishi. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa njiani na kambini.

Kesi ya karibu zaidi iko Uganda, kwenye vilima vya pembeni mwa Mbale. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitia mkononi nchi ya mashariki ya Uganda, kisha akaona hawakumlipa alichostahiki. Alisoma Biblia mwenyewe, na kila alivyosoma aliona Agano la Kale ndilo linalomkaa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba wanaofanya hivyo ni Wayahudi, alisema basi wao ni Wayahudi. Ndivyo walivyoanza Abayudaya. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja mpita njia, waliyemwita Yusufu, alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na waliobaki wakaendelea chini ya wazee kama Samson Mugombe.

Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971 walikuwa wanakadiriwa kufikia 3,000. Mwaka uliofuata Amin alivunja uhusiano na Israel, na Uyahudi ukawa kosa. Sinagogi zikafungwa. Walio wengi wakaingia kanisani au msikitini. Wachache wakasali usiku, majumbani, kwa sauti ya chini.

Je, sheria iliwataka wafe? Hapa mfano wa majani unafaa kukumbukwa, kwa sababu sheria hutazama swali lilivyoulizwa. Amin alikuwa ameyakusudia mateso dhidi ya dini, na katika mateso hata ukanda wa kiatu ni jambo. Lakini alichowafanyia wengi wao kilikuwa kuwazuia, si kuwatendesha. Rabi Moshe Isserles wa Krakow, katika karne ya 16, aliliandika wazi: mtawala akipiga marufuku amri ya kutenda, kama sala au sikukuu ya vibanda, mtu halazimiki kutoa roho yake kwa kuiacha. Asiyesali kwa kuzuiwa hakutenda dhambi. Mwenye kunong'ona sala usiku na kunyamaza mchana yuko ndani ya sheria kabisa, hata kama mwenyewe anajiona mwoga.

Waliobadili dini ni jambo jingine, na hapo marabi wenyewe hawakukubaliana. Bin Maimun aliandika kwamba Waislamu si waabudu masanamu hata kidogo, wanampwekesha Mungu mmoja bila kasoro; kwa hiyo kuingia msikitini si ile dhambi ya kwanza kati ya tatu. Rabi David bin Zimra, yuleyule wa fatwa ya Ethiopia, alikubali hilo lakini akashika njia kali: kuukubali Uislamu ni kusema Torati ya Musa imefutwa, na kwa hilo Myahudi afe. Kanisa lilikuwa zito zaidi kwa Bin Maimun, aliyeuona Utatu kuwa ushirikina. Wakulima wa kahawa wa Mbale, wengi wao, hawakuwa na kitabu hata kimoja kati ya hivi. Walikuwa na watoto wa kusomesha na askari njiani.

Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jioni ya siku hiyo ndiyo iliyoanza Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawakuhitaji kufasiriwa. Walipojihesabu, walioshikilia walikuwa kiasi cha 300.

Kuna agizo la kale, linalonasibishwa na Rabi Gershom wa Mainz wa kiasi cha mwaka 1000, kwamba aliyetenguka kwa kulazimishwa kisha akarudi, ni marufuku kumkumbusha aibu yake. Husimuliwa kwamba mwanawe mwenyewe alikuwa amebatizwa. Kwenye kilima cha Nabugoye, makao ya Abayudaya karibu na Mbale, wapo waliorudi na wapo ambao hawakuondoka, na sinagogi ni moja. Gershom Sizomu, mjukuu wa Samson Mugombe, alisomea Los Angeles akawa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao Wayahudi kati yao ni tone, wakampeleka bungeni.

Swali lililobaki limegeuka. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Conservative walifika Mbale, na kiasi cha watu 400 walizama majini kuthibitisha rasmi Uyahudi wao. Baadhi walikataa. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, walitaka mahakama ya madhehebu ya Orthodox peke yake, wakakaa miaka wakiingoja. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya la kuhamia nchini humo kama Myahudi, na shauri likaenda mahakamani Jerusalem, likijadiliwa na mawakili, kuhusu watu ambao serikali ya Amin haikuhitaji wakili kuwatambua.